Sauti ya Mama Kwenye Msumari

Nilitaka kwenda chuo cha ualimu. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, nilijikuta kwenye duka la redio mjini Eldoret, mtaa wa nyuma ya soko, nikiandika majina ya nyimbo kwenye majalada ya kaseti.

Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Fundi, alikuwa mtu wa upande wa Murang'a. Alikuja mjini kwetu akiwa kijana na mfuko wa bisibisi, akakaa. Aliniajiri kwa sababu ya mwandiko. Siku hizo mtu akitaka nyimbo anazozipenda ziwe pamoja kwenye kaseti moja, alituletea orodha, nasi tukazitoa moja moja kutoka kanda zake nyingine. Mwandiko wa Fundi haukusomeka hata na yeye mwenyewe, na wateja walikuwa wakirudi kuuliza kama wimbo wa tatu ni wa harusi au wa kipaimara.

Baada ya miezi michache alinifundisha mashine. Zilikuwa tatu, na hakuna iliyoelewana na mwenzake. Moja ilicheza kaseti, ya pili ilirekodi, na ya tatu ilikuwa dude la zamani la tepe za gurudumu, lililotoka kwa misheni fulani iliyofunga chumba chake cha kurekodia. Waya wa hii haukuingia kwa ile mpaka Fundi aukate kichwa na kuunga kingine. Hii ilitoa sauti kwa kelele kama mtu wa mnada, ile ikaipokea kama mtu mwenye mafua. Ukihamisha wimbo ilikubidi ubonyeze mbili kwa pamoja, mkono wa kushoto kwenye inayocheza na wa kulia kwenye inayorekodi. Ukichelewa, wimbo unaanza katikati ya neno. Ukiwahi, mteja anapata kitu asichoagiza. Mwalimu mmoja wa Kiplombe alirudisha kaseti ya harusi yake kwa sababu kila wimbo ulianza na kipande kidogo cha mahubiri ya mazishi. Nilikuwa nimewahi mara kumi na mbili mfululizo.

Ukutani, juu ya meza yangu, kulikuwa na picha ya Rais, kama ilivyokuwa katika kila duka la nchi. Chini yake palikuwa na msumari mrefu. Fundi hakupenda kitu chochote kitupwe, kwa hiyo vipande vya tepe tulivyovikata nilivitundika hapo, kila kimoja na kijikaratasi chake, kwa mwandiko wangu mzuri.

Asubuhi moja ya siku ya soko aliingia mzee mwenye koti refu na fimbo, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye sweta.

"Fundi ako wapi?"

"Ameenda kuchukua betri, Mzee. Naweza kukusaidia."

"Nataka fundi."

"Basi keti umngojee."

Hakuketi. Alinitazama, akatazama rafu, akatazama picha ya Rais, akaona hakuna mwingine wa kumsaidia, akafungua sweta. Ndani mlikuwa na tepe ya gurudumu, kubwa kama sahani ya wali.

Alikuwa mkulima wa Ainabkoi. Mzungu mmoja jirani yake alipouza shamba na kuondoka alimwachia mbwa na mashine ya kurekodi. Mbwa alikufa mapema. Mashine ilikuwa ingali hai, ikiendeshwa kwa betri ya trekta kwa kuwa kwao hakukuwa na stima. Binti yake wa pili alikuwa Uingereza mwaka wa pili sasa, akisomea uuguzi, na Mzee hakupenda kuandika barua. Alisema barua ni ya watu wasio na sauti. Alizungumza kwenye mashine yake, lakini binti alikuwa na redio ndogo ya kaseti tu.

"Sasa nataka hii maneno itoke hapa, iingie kwa kaseti," alisema. "Lakini si yote."

"Yapi niyatoe, Mzee?"

Aligeuka akatazama mlango. "Mama yake."

"Mama yake yuko ndani ya tepe?"

"Ako ndani kila mahali."

Niliiweka tepe kwenye mashine. Fundi alirudi na betri yake wakati huo, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. Ilikuwa Kinandi na Kiswahili vimechanganywa kama githeri, na yeye Kinandi hakujua hata salamu. Mimi nilizaliwa Kapseret. "Hii ni kazi yako," akaniambia, akarudi kwenye redio zake.

Sauti ya Mzee ilianza kwa heshima zote. "Mtoto wangu, sisi ni wazima. Kwanza kabisa tunashukuru serikali na chama kwa amani tuko nayo."

"Hiyo usikate," Mzee akanionya. "Posta wanasikiliza."

"Wanasikiliza Kinandi, Mzee?"

"Wanaweza kuwa wameweka mtu."

Tepe iliendelea. "Nyumba mpya tumemaliza. Mabati yote iko juu."

Kutoka mbali, nyuma ya mlio wa sufuria, sauti ya mwanamke ikapasua: "Iko juu ya mti! Mwambie upepo ilibeba!"

"Ng'ombe wako amezaa," Mzee akaendelea kwenye tepe, kama mtu aliyefumba dirisha.

"Amezaa dume tena!"

"Mimi mwenyewe niko na nguvu kama zamani."

"Uongo! Alianguka kwa paa akifuata mabati! Mguu iko kwa plasta!"

Niliinua macho. Chini ya lile koti refu, mguu wa kushoto ulikuwa umetumbukizwa kwenye gamubuti lililopasuliwa mpaka kisigino, na plasta iliyokuwa nyeupe siku moja ilikuwa rangi ya jivu. Mzee alilivuta koti mbele.

"Hiyo ndiyo ya kwanza kutoa," alisema.

Kulikuwa na nyingine. Mzee alimwambia binti kwamba maji ya mfereji yamefika Ainabkoi, na kwamba ni kazi nzuri ya shemeji yake. Shemeji huyo, aliyemwoa dada mkubwa, alikuwa naibu wa chifu kwao. Mama hakungoja sentensi iishe. "Uongo! Maji gani? Punda wangu anajua njia ya mto kuliko huyo naibu anajua njia ya ofisi!"

Nilihesabu mara kumi na nane. Mzee alizungumza kama mtu anayehutubia mkutano, na Mama alimsahihisha kutoka jikoni bila kuacha kupika. Nilikuwa nikiuma mdomo nisicheke. Fundi, aliyekuwa haelewi kitu, alicheka waziwazi kwa sababu ya mlio wa sufuria.

Kuelekea mwisho jambo la ajabu likatokea. Sauti ya Mzee ilianza kupanda. Ikawa ya kijana, kisha ya mtoto, na alipofika kwenye salamu za mwisho alikuwa akilia kama kifaranga. Mzee aliyesimama mbele yangu alishtuka.

"Huyo ni nani?"

Fundi alieleza. Betri ya trekta ilikuwa ikifa, kwa hiyo mashine ya nyumbani ilirekodi polepole, na sasa hii yetu yenye nguvu ilikuwa ikiyakimbiza maneno. Dawa ilikuwa moja tu. Alinionyesha jinsi ya kubana kigurudumu kwa kidole gumba wakati wa kuhamisha, kidogo kidogo, mpaka kifaranga akawa Mzee tena. Nilishinda siku nzima nikifanya hivyo. Nikibana zaidi, Mzee alinguruma kama fahali. Nikilegeza, alirudi kuwa kifaranga. Jioni kidole kilikuwa cheusi na kimevimba, lakini binti wa Uingereza alipata baba wa umri unaofaa.

Mama nilimtoa kwa wembe. Kata hapa, kata pale, unga kwa gundi ya tepe. Vipande kumi na vinane nikavitundika msumarini, kila kimoja na kijikaratasi: "Mabati – m.", "Dume – m.", "Mguu – m.", "Maji – m." Hiyo m. ilikuwa mama. Kaseti ilipokuwa tayari Mzee aliisikiliza yote amesimama, akaridhika sana. Nyumba ilikuwa na mabati, mguu ulikuwa mzima, na yeye alikuwa peke yake duniani akizungumza bila kukatizwa.

Kosa langu nililigundua Fundi aliponiuliza kama niligeuza tepe nione upande wa pili una nini kabla ya kukata. Sikuwa nimegeuza. Tepe za gurudumu zilikuwa na pande mbili, na wembe haujui kukata upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na kwaya ya kanisa lao. Sasa kila baada ya ubeti kwaya iliruka neno au mawili kama yenye kwikwi. Mzee alikuwa ameshaondoka.

Wiki tatu baadaye aliingia mama mfupi, mnene, mwenye leso kichwani na kikapu cha mayai. Alisimama mbele ya meza yangu bila salamu.

"Wewe ndiye ulinikata?"

Niliitambua sauti kabla hajafika mwisho. Nilisimama.

"Shikamoo, Mama."

"Nauliza kama ni wewe."

"Ni mimi, Mama. Mzee ndiye aliniagiza."

"Kwaya yetu imeharibika. Hiyo si neno, tutaimba ingine. Lakini nilikuwa nachemsha chai, Mzee akafungulia mashine, nikasikiliza. Nikasikia nyumba yangu bila mimi." Aliweka kikapu chini. "Nyumba yangu! Sufuria iko, kuku wako, mlango iko. Mimi siko. Nikauliza, kwani mimi nilikufa lini?"

Nilionyesha ukutani. "Mama, uko pale."

Alitazama msumari. Mwanzoni alidhani namwonyesha picha ya Rais, akanyoosha leso. Kisha akaona vile vipande vya kahawia vikining'inia na vijikaratasi vyao. Nilimvutia kiti, nikaviunga kwa haraka, nikamchezea. Alijisikia mwenyewe akisema mabati yako juu ya mti, dume tena, uongo, uongo, mwambie ukweli, bila neno hata moja la Mzee katikati. Alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa ncha ya leso.

"Hii itumwe," alisema.

"Mama, mteja ni Mzee."

"Na mimi ni nani? Mayai ya leo ni yako. Tuma."

Nilimtazama Fundi. Fundi alikuwa ameinamia redio iliyokuwa imeshatengenezwa tangu jana. Sikuwa na ujasiri wa kumkatalia mwanamke niliyemwondoa nyumbani kwake kwa wembe. Nilihamisha vipande kwenye kaseti, kimoja baada ya kingine. Kimoja tu alikizuia mwenyewe.

"Hiyo ya maji wacha. Ni mambo ya serikali, na posta wanasikiliza."

Kwa hiyo kipande kile nilikikata tena kutoka kwa wenzake, nikakirudisha msumarini na kijikaratasi chake: "Maji – m."

Kilikaa pale peke yake kama mwezi mmoja hivi. Ndipo naibu wa chifu wa Ainabkoi alipokuja, mtu mrefu mwenye kofia ya kazi na kaseti mbili mfukoni. Moja ilikuwa hotuba yake mwenyewe, aliyoitoa kwenye baraza. Mkuu wa tarafa alitaka kusikia jinsi wananchi walivyompokea, na tatizo lilikuwa kwamba wananchi hawakuwa wamempokea. Kulikuwa na baridi, mikono ilikuwa ndani ya makoti, na baada ya kila sentensi yake alisikika ng'ombe mmoja tu. Kaseti ya pili ilikuwa ya mkutano mkubwa uwanjani mjini, uliohutubiwa na mtu wa ngazi za juu sana.

"Chukua makofi ya hii," alisema, akigonga ya pili, "weka kwa hii. Lakini ikae vizuri. Isikae kama imewekwa."

Fundi alikubali kabla hajamaliza. Hakuna aliyekataa kazi ya naibu siku hizo. Nilihamisha vyote kwenye tepe ya gurudumu, nikayakata makofi vipande vipande kwa urefu uliofaa, nikayatundika nikiyapa majina ya mahali yanapokwenda: "Salamu – m.", "Shule – m.", "Mitaro – m.", "Maji – m." Hiyo m. ilikuwa makofi.

Naibu alirudi kuchukua kazi yake Ijumaa, akataka kuisikiliza palepale. Fundi alimpa kiti kizuri. Niliwasha.

"Wananchi, hamjambo?" naibu alisema kwenye tepe, na uwanja mzima ulilipuka. Maelfu ya watu walimshangilia mtu mmoja kwa kusalimu chini ya miti ya mikalitusi. Naibu aliinamisha kichwa kidogo, kama anayeyapokea upya. Aliposema shule itapata madarasa, uwanja ulilipuka tena. Kwa mitaro, vigelegele. Ng'ombe nilimwacha mahali pamoja kwa ajili ya ukweli.

"Na sasa ninafurahi kuwatangazia," sauti yake ilisema, "maji ya mfereji imefika kila boma!"

"Uongo! Maji gani? Punda wangu anajua njia ya mto kuliko huyo naibu anajua njia ya ofisi!"

Bisibisi ya Fundi ilianguka sakafuni. Kinandi hakujua, lakini neno uongo alilijua, naibu alilijua, na sauti ilikuwa na nguvu ambayo haikuhitaji kutafsiriwa. Nilizima mashine. Miaka ile watu walipelekwa polisi kuandika maelezo kwa maneno madogo kuliko hayo, na haya yalikuwa yametoka dukani mwetu, chini ya picha.

Naibu aliinuka polepole. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akavua kofia.

"Ako hapa ndani?" alinong'ona.

"Nani, mkubwa?" Fundi aliuliza.

"Mama mkwe."

Alikuwa akitazama pazia la stoo. Mtu aliyekuwa akifunga watu kwa kosa la kupika pombe alisimama mbele ya pazia la maua amekunja mikono mbele kama bwana harusi. Kwetu mkwe hasogelei mama mkwe ovyo, wala hampandishii sauti.

"Hayuko, mkubwa," nilisema. Sauti yangu nayo ilikuwa ya kifaranga.

"Sikumwona kwa baraza," alisema. "Alikuwa amesimama wapi?"

Nilifungua mdomo nikiri kila kitu. Fundi akaniwahi.

"Nyuma," alisema. "Nyuma kabisa."

Fundi mwenyewe hakuwa amefika barazani maishani mwake. Naibu alikaa tena kwenye kiti kizuri, kofia magotini.

"Na watu walisikia?"

"Sauti iko wazi," Fundi alisema, kwa huzuni ya kitaalamu.

Nje mtu alikuwa akiuza kabeji kwa kelele. "Toa hiyo," naibu alisema mwishowe. "Weka makofi. Hapana. Usiweke." Alivuta pumzi. "Toa maji yote."

Nilichukua wembe. Naibu alikwenda na hotuba iliyokuwa na madarasa na mitaro, na isiyokuwa na tone la maji. Alipofika mlangoni alivaa kofia tena, akawa mkubwa. Fundi alifunga duka saa saba mchana, akanipeleka kunywa chai, na kwenye chai alinikataza kufupisha neno lolote tena maishani.

Siku chache baadaye watu walionekana Ainabkoi na majembe na mabomba. Mama ndiye aliyeniambia, akishangaa. Bomba lilifika mpaka kwenye ua wake. Maji yalitoka siku tatu kwa wiki, na punda alipumzishwa siku hizo tatu. Mkwe wake alikuja mwenyewe kufungua mfereji, akasema naye akiwa upande wa pili wa ua, akamwomba, akipata malalamiko mengine, amtume mtu nyumbani. Mama hakuelewa kwa nini. Mimi sikumweleza.

Jibu la binti lilikuja mvua zikiwa zimeanza. Kwao hakukuwa na kitu cha kuchezea kaseti, kwa hiyo Mzee na Mama walikuja dukani pamoja, wamelowa. Plasta ilikuwa imetolewa. Niliwapangia viti viwili, nikaweka kaseti.

"Baba, Mama, hamjambo," sauti ya msichana ilisema, ya karibu sana, kana kwamba yuko chini ya meza. "Nimepata kaseti zenu mbili."

Mzee aligeuka. "Mbili?"

Mama alirekebisha leso.

"Mimi nilituma moja," Mzee alisema.

"Na mimi moja," alisema Mama.

Mzee alinitazama. Nilianza kupangusa kichwa cha mashine ya pili kwa pamba na spiriti, ingawa nilikuwa nimekipangusa asubuhi.

"Nimeazima redio ya mwenzangu," binti aliendelea. "Nimeweka moja kulia, moja kushoto. Baba akisema neno, namsimamisha, namfungulia Mama. Jumapili mbili zimekwisha hivyo, mpaka kila mtu amepata mahali pake. Tumecheka, na mwenzangu hata hasikii lugha. Baba, mguu wako unaendeleaje?"

Mzee alitazama mguu.

"Umefanya nichekwe mbele ya wazungu," alimwambia Mama.

"Mimi nilisema tu plasta. Kwa paa ulipanda mwenyewe."

Binti alieleza habari zake. Masomo yanakwenda vizuri. Chakula amezoea. Baridi si mbaya. Wenzake ni wazuri. Nilikuwa nikisikiliza kwa sikio la kazi, na sikio la kazi lilisikia kitu. Baada ya kila sentensi kulikuwa na mlio mdogo: tak.

Mama naye alisikia. "Hiyo tak ni nini? Imeharibika?"

Ningeweza kusema ni mashine yetu. Mzee alikuwa amenitazama vibaya vya kutosha, na nilishachoka kuwa mtu wa kupanga nani asikie nini.

"Hapo anasimamisha mashine, Mama. Anafikiri, halafu anaanza tena."

"Anasimamisha kila akisema ako mzuri?"

"Ndiyo, Mama."

Tulirudia kaseti tangu mwanzo. Masomo, tak. Chakula, tak. Baridi, tak. Mama aliweka kidole mezani kwa kila tak. Mzee alisikiliza macho yamefumbwa, na yalipofunguka hasira ilikuwa imekwenda.

"Huyu ni mtoto wangu kabisa," alisema.

Waliomba kurekodi palepale. Niliweka kaseti mpya, nikawasogezea kipaza sauti katikati. Mzee alianza na serikali na chama, akafika kwenye mabati, akajikwaa. Akasema mabati yalibebwa na upepo, yakapatikana kwenye mkalitusi wa jirani, na nusu yamepindika. Mama alimwacha aseme yote bila kumkatiza, jambo lililomchosha waziwazi. Kisha akasogea karibu sana na kipaza sauti, kana kwamba ndio njia ya kufika Uingereza. "Na wewe useme yenye umeruka. Tunasikia mahali unaruka. Kuna msichana hapa anatuonyesha."

Kaseti ya pili ya binti ilichukua zaidi ya miezi miwili kufika. Haikuwa na tak hata moja. Ilikwenda moja kwa moja upande mzima, na mahali alipolia alilia, na mahali alipopenga kamasi ilisikika. Alikuwa ameanguka mtihani wa mwaka wa kwanza. Alikuwa akirudia darasa na wanafunzi wapya, na alikuwa ameshindwa kuwaambia watu wa nyumbani kwa sababu kijiji kizima kilimsindikiza mpaka barabarani kwa nyimbo siku aliyoondoka. Baridi ilikuwa mbaya sana. Chakula hakikuwa na ladha. Alikuwa amefikiria kurudi.

Ilipokwisha Mama aliendelea kutazama spika. Mzee alinionyesha kwa kichwa niweke kaseti mpya ya kurekodi. Nikabonyeza.

"Mtoto wangu," alisema. Hakushukuru mtu yeyote. "Rudia. Hakuna shida. Hata mimi nilirudia darasa la nne."

Mama aligeuka. "Ulirudia darasa la nne?"

"Mara mbili."

"Mara mbili! Miaka yote hii hujaniambia!"

"Hukuuliza."

"Nitauliza aje kitu sijui? Ndiyo sababu kwa ile picha ya shule wewe ndiye mrefu! Nilikuwa nasema nimepata mwanamume mrefu!"

"Na sikuwa mrefu?"

"Ulikuwa mzee!"

Nilinyoosha kidole kuzima, kwa adabu. Mzee akaushika mkono wangu. Waliendelea hivyo, yeye akieleza hesabu zilizomshinda, Mama akikumbuka kila mara Mzee alipowapiga watoto mikono kwa kushindwa hesabu, mpaka upande ukaisha na kitufe kikaruka chenyewe. Mama alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Mzee alitafuta fimbo yake, akasema waende kununua dawa ya kupe kabla duka halijafungwa. Niliandika anwani kwenye bahasha, maneno yote kwa ukamilifu.

Binti alifaulu mwaka uliofuata. Alimaliza, akarudi, akapata kazi ya uuguzi si mbali na mji wetu. Wiki ile binti aliporudi, Mzee alikuja mwenyewe kutualika, akatukuta tumefunga kwa chakula cha mchana, akatungoja kwenye ngazi na fimbo magotini. Jumamosi hiyo mimi na Fundi tulikwenda Ainabkoi. Nyumba ilikuwa na mabati mapya upande mmoja. Fundi aliwekwa karibu na Mama, akaletewa maziwa lala na nyama, na mchana kutwa Mama alimsimulia mambo kwa Kinandi bila kupumzika. Hakuelewa hata neno moja. Alicheka kila mahali palipofaa, na tulipoinuka kuondoka Mama aliniambia kwamba huyo ndiye mwanamume wa kwanza aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho.